Usukani Mkononi, Chombo Majini

Lambo halizidi uwanja wa mpira. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na kingo zake zimetobolewatobolewa na kwato za ng'ombe. Liko Mbulumbulu, wilayani Karatu, nchi ya ngano na mahindi, mahali ambapo uwanda unakwenda ukakatika ghafla na chini yake ukaona Bonde la Ufa. Bahari iko mbali sana. Wazee wa Kiiraqw wa hapa wanajua mvua, udongo na ng'ombe. Jahazi wameliona kwenye noti na kalenda.

Jioni ile mzee mmoja aliyekuwa akinywesha mifugo aliegemea fimbo yake akakitazama chombo changu. Urefu wake ni mita moja kasoro vidole vichache, tanga jeupe, omo nyembamba. Kilivuka hadi katikati, kikakisi tanga, kikarudi.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyo uliyemtia humo ndani, anapumuaje?"

Nilitaka kucheka nikajizuia. Swali la nani anashika usukani wa chombo kisicho na mtu limewasumbua watu wengi kabla yake, na majibu yake yamebadilika kila baada ya kizazi.

Mtepe na mfano wake

Pwani ya Waswahili imetengeneza vyombo vidogo kwa muda mrefu, na viwili vitatu kati ya hivyo vimetunza habari ambazo vile vikubwa vilizama nazo. Mtepe ndio ushahidi. Lilikuwa jahazi la visiwa vya Lamu, mbao zake zimeshonwa kwa kamba ya usumba bila msumari hata mmoja, omo yake imechongwa kama kichwa cha ngamia, tanga lake la mkeka lina pembe nne. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilikuwa inatoweka baharini. Waliokuja baadaye kutaka kujua ilishonwaje, walitegemea picha chache, maelezo ya watu waliowahi kuiona, na mifano ya mbao iliyobaki kwenye makumbusho.

Miaka ya 2000 ilipoanza, mtepe mzima ulijengwa upya Zanzibar ukawekwa ndani ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Kitu kidogo kikabeba kikubwa, na jumba kubwa likashindwa kujibeba. Mpangilio wa dunia hauna heshima kwa ukubwa.

Hata hivyo mifano hiyo ya makumbusho ni ya kutazamwa. Haikuundwa kwenda majini.

Somo la watoto

Ya kwenda majini waliiunda watoto. Ukitembea ufukweni Lamu, Unguja au Bagamoyo maji yakiwa yamekupwa, utakuta vidau vya kipande cha mti mwepesi, vya kumbi la nazi, vya ndala iliyokatika kigwe. Tanga kwa miaka mingi lilikuwa rambo. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, kwa Bara wanamaji wadogo ndio waliopata hasara ambayo hakuna aliyeiandika gazetini. (Sisi wa Karatu tulipata faida: ng'ombe hawali tena rambo wakafa.)

Kidau cha mtoto hakina nahodha, wala kamba ya kukivuta. Ukikiachia kinatakiwa kiende chenyewe mpaka kwa mwenzako aliyesimama upande wa pili wa kidimbwi. Kwa hiyo mtoto huyo, bila kuambiwa na mwalimu wa fizikia, hugundua jambo ambalo mabingwa wa Ulaya waliliandikia vitabu. Tanga lina mahali pake pa kusukumwa na upepo. Tumbo la chombo, pamoja na mkuku, lina mahali pake pa kung'ang'ania maji. Sehemu hizo mbili zikikaribiana sawasawa, chombo kinakwenda mstari. Tanga likikaa nyuma mno, omo inageukia upepo na chombo kinasimama kikipepesa kama khanga kwenye kamba. Likikaa mbele mno, chombo kinageuka kukimbia na upepo na hukioni tena.

Dawa ya mtoto ni msumari: anatoboa tundu jingine, anausogeza mlingoti mbele nusu kidole, anajaribu tena. Kwenye kidau kilichochezewa sana utaona matundu matatu au manne yamepangana. Anayejua kuyasoma anaona daftari la majaribio.

Ngalawa ndogo zenye matengo pande mbili zinasamehe makosa zaidi, kwa sababu hazipinduki ovyo. Chombo cha tumbo moja hakisamehe. Kinataka farumi chini, nzito, na kinataka mlingoti mahali pake.

Mabwawa ya London, karne ya 19

Wakati watoto wa pwani wakikimbia ufukweni, Uingereza watu wazima waliovaa kofia walikuwa wakikimbia kuzunguka mabwawa ya bustani. Bwawa la Round Pond, Kensington, London, lilikuwa na vyama vya wenye jahazi ndogo kabla karne ya 19 haijaisha, na walishindana kwa sheria na vikombe. Chombo kiliachiwa ukingo mmoja. Mwenyewe na msaidizi wake walitimua mbio hadi ukingo wa pili, wakakipokea kwa fimbo, wakakigeuza, wakakiachia tena. Ushindi ulitegemea mizani ya chombo na pumzi ya mwenye chombo.

Shida yao kubwa ilikuwa kwenda na upepo. Kimbunga kidogo kikipiga tanga kutoka nyuma, chombo kinageuka ubavu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza aitwaye George Braine akaja na hila ninayoipenda kuliko zote katika historia hii. Alichukua demani, ile kamba inayozuia tanga, akaifunga kwenye kipande cha duara juu ya usukani, na kwa upande wa pili akaweka mpira wa kuvuta urudi katikati. Upepo ukizidi, tanga linavuta demani kwa nguvu, demani inavuta usukani, usukani unakirudisha chombo kwenye njia. Upepo ukipungua, mpira unarudisha kila kitu mahali pake. Aliyetaka kukipoteza chombo ndiye aliyepewa kazi ya kukiongoza.

1898: nyani wa New York

Miaka michache kabla ya hila hiyo, ng'ambo ya Atlantiki, mtu alikuwa ameshalijibu swali kwa njia nyingine kabisa. Nikola Tesla alileta kwenye maonyesho ya umeme ya Madison Square Garden chombo cha chuma cha karibu mita moja na robo, akakiweka kwenye tangi la maji, akakiongoza kwa mbali bila waya. Hakikuwa na tanga. Kilikwenda kwa betri na rafadha. Hataza yake, namba 613,809, ilitolewa tarehe 8 Novemba 1898.

Watu wengi waliokiona hawakuwa wamewahi kusikia kwamba umeme unaweza kusafiri hewani. Marconi ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Wakatafuta maelezo waliyoyazoea: uchawi, nguvu za akili, au nyani mdogo aliyefunzwa na kufungiwa ndani. Ndiyo sababu nilijizuia kucheka pale lamboni. Babu yetu wa Mbulumbulu aliuliza anapumuaje, na hilo ni swali la mfugaji anayejali kiumbe. New York hawakufika hata hapo.

Ndani ya chombo cha Tesla palikuwa na kidude chenye unga wa chuma ambao mawimbi yakiupiga unashikana na kupitisha umeme, kisha inabidi utikiswe uachane ili usikie mara nyingine. Kila ishara ilisogeza mtambo hatua moja mbele. Tesla hakuweza kuuambia usukani "kata kushoto kidogo." Aliweza kusema "hatua inayofuata," basi. Kasoro hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50.

Miaka ya 1930: kipande cha bati kinachonusa upepo

Wenye matanga hawakukimbilia redio. Mitambo ilikuwa mizito, nao walikuwa bado na mengi ya kuuliza upepo. Marekani, mjini Marblehead, Roy Clough alianzisha daraja la jahazi ndogo lenye kanuni mbili tu za maana: urefu inchi 50, yaani sentimita 127, na tanga la inchi 800 za mraba. Mengine fundi aamue. Wepesi wa sheria hiyo uliifanya isambae duniani, na daraja hilo bado linaitwa kwa jina la mji.

Katikati ya mwongo huo Mnorway Sam Berge alikuja kwenye mashindano ya Gosport, Uingereza, na chombo chenye unyoya wa nyuma, kijibao chepesi kinachosimama juu ya usukani na kugeuka na upepo kama jogoo wa juu ya paa. Hila ya Braine ilipima nguvu ya upepo. Unyoya ulipima mahali unapotoka, ukakishika chombo katika pembe ileile hata kikiwa kinabisha kwenda joshini.

Kitu hicho cha kuchezea kilikuja kuwafaa wakubwa. Mwaka 1960 wanamaji wachache walishindana kuvuka Atlantiki kila mtu peke yake. Francis Chichester aliyeshinda, kwa siku 40, na Blondie Hasler aliyekuwa na wazo la mashindano, wote walilala usingizi huku unyoya ukishika usukani.

Mawimbi yafika nchi kavu

Nirudi nyumbani, maana kabla tanga halijafika Mbulumbulu, redio ilifika. Matangazo kutoka Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Uhuru ukaja 1961, na mwaka uliofuata Upper Kitete, humuhumu Mbulumbulu, kikaanzishwa kijiji cha ushirika cha kulima ngano, kimojawapo cha vijiji vya kwanza vya majaribio ya aina hiyo nchini. Matrekta yalikuja, na transista zikaja, redio ndogo inayotumia betri, ambayo mzee aliweza kuitundika kwenye mti akapalilia huku akisikiliza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha takriban watu milioni mbili nchi nzima kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo.

Kwangu matunda ya miaka hiyo ni fundi redio. Mtu mwenye meza, taa, chuma cha kulehemu na kopo la vipuri, anayejua waya mwekundu unakwenda wapi bila kusoma kitabu. Ni yeye aliyetufundisha pia kuanika betri juani zikiisha, tuamke kesho yake zina uhai wa nusu saa ya taarifa ya habari. Chombo changu kisingeelea kama mji wa Karatu usingekuwa na mtu wa aina hiyo.

Kutoka lastiki hadi mita moja

Ughaibuni, miaka ya 1950, redio za kuongozea vyombo zilikuwa za taa za kioo na betri zenye uzito wa tofali. Kipokezi kilisikia neno moja: bonyezo. Ndani ya chombo palikuwa na lastiki iliyosokotwa. Kila bonyezo liliiruhusu izunguke robo moja, usukani ukaenda kulia, bonyezo jingine katikati, jingine kushoto. Nahodha wa ufukweni alitakiwa akumbuke amebonyeza mara ngapi. Akisahau, chombo kinakwenda kulia wakati yeye anaapa kwamba amesema kushoto. Lastiki ikiisha msokoto, usukani umekufa. Ni kasoro ileile ya Tesla, safari hii ndani ya kisanduku kidogo zaidi.

Ukombozi ulikuja miaka ya 1960 kwa transista na kwa mota ndogo ambayo mafundi huiita sevo. Kipokezi huipelekea mapigo mafupi ya umeme, kama 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde moja na nusu linamaanisha kaa katikati. Likifupika kuelekea moja, geuka upande huu. Likirefuka kuelekea mbili, geuka ule. Sasa kidole kikisogea kidogo, usukani unasogea kidogo. Kwa mara ya kwanza mkono wa ufukweni ulikuwa na ulaini wa mkono wa nahodha aliyekaa tezini. Sevo ya pili, yenye nguvu zaidi, ikapewa demani, na kwa vitu hivyo viwili jahazi nzima inaendeshwa: usukani na kamba ya tanga.

Fedha nazo zikaingia. Kufikia miaka ya 1980 vyombo vya mashindano vilikuwa vya nyuzi za kaboni na bei za kutisha. Mwaka 1988 ukaandikwa utaratibu mpya wa kimataifa, daraja la mita moja. Tumbo lisizidi mita moja. Chombo kizima kisipungue kilo nne. Kaboni ni marufuku kwenye tumbo na kwenye milingoti. Tumia mbao, nyuzi za kioo, alumini. Milki matanga ya vipimo vitatu, kubwa la upepo mwanana hadi dogo la tufani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani aliyeiandika aliwahi kuingia kwenye karakana ya uani Karatu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Zamani wawili wakitumia masafa mamoja, kila mmoja alikiendesha chombo cha mwenzake, na ugomvi wa ufukweni ulikuwa wa kweli. Katikati ya miaka ya 2000 rimoti za gigahezi 2.4 zilimaliza hilo: rimoti na kipokezi hutambulishana mara moja, kama ndoa, na hazisikilizi mtu mwingine. Bei ikashuka hadi mtu wa kawaida akaifikia. Na mwaka 2018 Lamu wakaichukua ndala ya watoto wakaipandisha cheo: fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la mita tisa la taka za plastiki, lililovikwa ndala 30,000, na mapema 2019 likatweka tanga hadi Zanzibar. Likaitwa Flipflopi.

Uani, Mbulumbulu

Changu ni kidogo, na nilikijenga kwa miezi mitano. Tumbo ni vipande vyembamba vya mgrivea vilivyogundishwa juu ya mataruma ya plaiwudi. Mlingoti ni bomba la antena ya televisheni, kutoka siku zile kabla ya ving'amuzi. Tanga ni kitambaa cha mwavuli. Farumi ni vile vipande vya risasi ambavyo fundi tairi hubandika kwenye rimu kusawazisha gurudumu. Nilivikusanya hadi vikafika kilo mbili na robo, nikaviyeyusha nje, upepo ukiwa mgongoni, kuku na watoto nikiwa nimewafukuza, kwa sababu moshi wa risasi ni sumu. Kisha nikaimimina kwenye kalibu ya mchanga ikatoka mfano wa samaki mnene, nikaitundika chini ya mkuku.

Sevo ya kwanza niliiua mwenyewe. Niliifunika kwa mfuko wa nailoni nikaamini nimekalafati, maji yakaingia kwa njia ya waya.

Majaribio ya kuelea yalifanyika kwenye pipa lililopasuliwa nusu, chini ya mfereji wa paa. Nilichora mstari wa maji kwa chaki. Hapa bara chombo kinazama zaidi kidogo kuliko pwani, kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi. Chombo cha kilo nne kinasukuma lita nne kamili, baharini kingesukuma lita 3.9. Betri, ambayo wa zamani waliilaani kwa uzito wake, niliilaza karibu na mguu wa mlingoti isaidie farumi.

Hewa nayo ni nyepesi. Kwa mwinuko wa mita 1,500 uzito wake unapungua kwa karibu asilimia 14 ukilinganisha na usawa wa bahari, kwa hiyo upepo wa mwendo uleule unasukuma tanga kwa nguvu pungufu kwa kiasi hichohicho. Nililijua hilo kwenye karatasi nikakata tanga kubwa zaidi. Ubavuni mwa ukuta wa Bonde la Ufa upepo haukusoma karatasi yangu. Unapanda kutoka chini, unafika juu umevurugika, unapiga mara tatu kutoka pande tatu.

Siku ya kwanza lamboni chombo kiligeukia upepo kila mara. Nilikata usukani, kikatii hatua mbili, kikageuka tena. Niliongeza usukani hadi ukawa umelala karibu kuzuia maji, na mwendo ukafa. Redio ilifanya kazi bila dosari. Ilikuwa inakipigia kelele chombo kisichojua kutembea.

Nilikitoa, nikakaa kwenye nyasi, nikachomoa mlingoti. Nilikuwa nimetoboa matundu matatu kwenye sitaha, kwa kukumbuka vidau vya pwani. Niliuhamishia kwenye tundu la mbele, sentimita mbili tu, nikafunga upya demani.

Hiyo ndiyo jioni aliyonikuta yule mzee. Nilimwonyesha rimoti, nikamwambia hamna mtu ndani, mimi ndiye. Akaichukua, akaigeuza, akaangalia ubavuni kama anayetafuta waya, akanirudishia. Nilikipeleka chombo hadi ukingo wa mashariki, nikakielekeza upande wa watoto waliokuwa wakichota maji, nikaweka demani sawa. Kisha nikailaza rimoti kwenye nyasi nikainua mikono yote miwili.

Chombo kiliendelea. Upepo ulikiinamisha, kikainuka, mstari haukupinda. Watoto wakaacha ndoo zao wakakimbia kuzunguka lambo, mmoja ameshachukua fimbo ya kukipokelea.

Mzee aliitazama rimoti iliyolala chini, akaitazama mikono yangu, akarudisha macho majini.

"Haya," akasema. "Na sasa je, ni nani?"